Stellarium na mwezi wa Mfunguo Mosi: inakofaa na inakopotosha

Jioni ya tarehe 29 Ramadhani watu hufungua Stellarium, programu inayochora anga lilivyo kwa mahali na saa yoyote, wakaona hilali nyembamba imechorwa juu ya upeo wa magharibi, wakapiga picha ya skrini na kuituma kwenye makundi: "Mwezi upo, kesho Idi." Hakuna matumizi mabaya ya programu hii kuliko hayo. Stellarium huuchora mwezi popote ulipo, hata ukiwa na umri wa saa tatu tu tangu kuzaliwa, yaani tangu ulipopitana na jua, na hakuna jicho litakaloukamata. Iulize mwezi uko wapi na utazama saa ngapi, itakujibu kwa usahihi mkubwa. Ukiiuliza kama mwezi umeandama, umeiuliza kisichokuwa chake.

Kwa kazi yake hasa, ya kumwambia mtazamaji atazame upande gani na kwa muda gani, ni chombo kizuri sana. Toleo la kompyuta ni la bure, linakubali Windows, macOS na Linux, na likishawekwa halidai intaneti. La simu nalo lipo, ila vitufe vitakavyotajwa hapa ni vya kompyuta.

Anza na F6, dirisha la mahali. Andika latitudo na longitudo za pale utakaposimama, usichague tu jiji kubwa lililo jirani: kilomita 50 kuelekea mashariki au magharibi huhamisha saa ya jua kuzama kwa karibu dakika 2, na jioni yenye mwezi mchanga dakika 2 ni mali. Kwenye dirisha hilohilo kagua saa za eneo, hasa kwenye nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Kipimo chepesi cha kujua kama umeweka sawa ni kulinganisha saa ya jua kuzama na saa ya Magharibi kwenye ratiba ya sala ya hapo ulipo. Ratiba nyingi huongeza dakika moja au mbili za tahadhari, kwa hiyo tofauti ndogo isikutie wasiwasi. Ikizidi dakika 4 au 5, kuna kitu umekosea.

Kisha F4, sehemu ya mandhari. Mandhari inayokuja na programu ina miti na majengo, na mwezi wenye kimo (urefu juu ya upeo) cha nyuzi 4 hujificha nyuma yake. Watu wakadhani umeshazama. Chagua "Zero Horizon" au "Ocean". Kitufe cha A, kinachowasha na kuzima angahewa, kiache kimewashwa. Ukikizima, anga la jioni linakuwa jeusi na hilali inang'aa kama taa, jambo ambalo halitatokea nje. Tena ukizima angahewa unaondoa na hesabu ya kupinda kwa mwanga, ambayo karibu na upeo huinua mwezi kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi.

Mpangilio unaosahauliwa zaidi uko kwenye F2: kisanduku cha "Topocentric coordinates". Lazima kiwe na alama. Mwezi uko karibu nasi kiasi kwamba ukiutazama kutoka juu ya ardhi, ukiwa karibu na upeo, unaonekana chini kwa takriban nyuzi 1 kuliko hesabu iliyofanywa kutoka kitovu cha dunia. Kwa hilali yenye kimo cha nyuzi 4 hiyo ni robo nzima. Ukisikia wawili wanabishana, mmoja ana nyuzi 5 na mwingine nyuzi 4 kwa mji uleule na jioni ileile, kagua kisanduku hicho kwanza kabla hujamwita mtu mwongo.

Sasa weka tarehe kwa F5, bonyeza F3, andika Moon, halafu Space ili mwezi uje katikati. Upande wa kushoto juu yanatoka maelezo mengi, na hapo ndipo mgeni hupotea. Unayoyahitaji ni machache: saa ya mwezi kuzama, uelekeo wake na kimo chake (Az./Alt., kwa mpangilio huo), na "Elongation", yaani nyuzi zinazoutenga mwezi na jua. Bofya jua nalo usome saa ya kuzama. Asilimia ya mwanga iache. Umri wa mwezi nao, ingawa ndio unaotajwa mno misikitini na redioni, haukwambii mengi peke yake: kasi ya mwezi hubadilika kulingana na ukaribu wake na dunia, na mstari wake wa kushuka una ulalo tofauti kwa kila latitudo na msimu. Mwezi wenye umri wa saa 18 unaweza kuonekana jioni moja, na wa saa 22 ukakataa jioni nyingine.

Kutoka kwenye saa mbili za kuzama unapata wakati bora wa kutazama. Kanuni ya mwanafalaki Yallop ya 1997 inachukua muda ambao mwezi unabaki baada ya jua kuzama, inauzidisha kwa 4, inaugawa kwa 9, na kuuongeza kwenye saa ya jua kuzama. Tuseme jua linazama saa 12:40 jioni na mwezi saa 1:25 usiku. Mwezi unabaki dakika 45. Mara 4 ni 180, gawanya kwa 9 unapata 20. Wakati bora ni saa 1:00 usiku kamili. Kabla ya hapo anga lina mwanga mno, baadaye mwezi umeshuka kwenye vumbi na ukungu wa upeo. (Stellarium huandika 18:40 na 19:25. Wakati wa kuhamisha namba kwenda saa zetu, usichanganye.)

Kabla hujaiamini kwa jioni inayokuja, ijaribu kwa zilizopita. Weka Makka, tarehe 8 Aprili 2024. Mwezi ulizaliwa saa 18:21 UTC (saa ya kimataifa), siku ileile ya kupatwa kwa jua kulikoonekana Mexico, Marekani na Kanada. Jua la Makka lilikuwa limeshazama zaidi ya saa mbili nyuma, na programu itakuonyesha mwezi ukitangulia kuzama. Bonyeza = usonge siku moja mbele: tarehe 9 umbali kutoka kwenye jua umepita nyuzi 10, hilali iko juu, na Idi ikawa Jumatano tarehe 10. Halafu weka 29 Machi 2025. Mwezi ulizaliwa saa 10:58 UTC. Makka unazama baada ya jua, lakini kwa dakika chache tu, na umbali wao hauzidi nyuzi 4. Mwaka huo Idi ilisaliwa Jumapili katika baadhi ya nchi na Jumatatu katika nyingine. Ukiuona mwezi ulivyokuwa kwenye skrini utaelewa kwa nini ubishi ulikuwa mkali, maana kikomo cha Danjon, kinachotumiwa sana na wanafalaki, kinasema chini ya takriban nyuzi 7 hilali haionekani.

Kwa swali la kuonekana, iongezee Accurate Times, programu ya Windows ya mwanafalaki Mohammad Odeh. Sura yake ni ya kizamani na imejaa madirisha, lakini inatumia kigezo alichochapisha Odeh mwaka 2004 baada ya kuchambua taarifa 737 za utazamaji. Inakupa majibu ya ngazi: unaonekana kwa macho matupu; unahitaji darubini, ingawa hali ya hewa ikiwa safi kabisa macho yanaweza kuupata; kwa darubini tu; hauonekani hata kwa darubini. Ngazi ya pili ndiyo ya kuchunga, kwa sababu hapo mwenye macho makali na asiye nayo wataapa tofauti na wote wakawa wakweli. Stellarium kwa mahali na saa, Accurate Times kwa uwezekano: pamoja zinatosha. Kama ushahidi wa darubini unakubalika kisheria, au kama mwezi wa nchi nyingine unawalazimu, hayo ni ya wanavyuoni, na hakuna programu inayoyamaliza.

Kasoro moja ya Stellarium inayostahili kulalamikiwa ni kiongezi (plugin) chake cha kalenda. Kina kalenda ya Kiislamu ya hesabu, ambayo miezi hupishana siku 30 na 29 kwa mpangilio maalumu. Ramadhani ni mwezi wa tisa, na kwa mpangilio huo miezi ya witiri ina siku 30, kwa hiyo humo Ramadhani haiishii siku 29 hata mwaka mmoja! Usipange Idi kwa kalenda hiyo.

Uwanjani, sahau dira. Dira huelekea kaskazini ya sumaku, na pengo lake na kaskazini halisi linatofautiana mahali kwa mahali. Tumia jua lenyewe: weka alama kwa mti au nguzo pale lilipozamia, kisha toa uelekeo wa jua wakati wa kuzama kwenye uelekeo wa mwezi wakati bora. Jibu likiwa hasi, mwezi uko kushoto. Likiwa chanya, kulia. Ngumi iliyonyooshwa mbele ni karibu nyuzi 10, kidole kidogo nyuzi 1. Jengo au kilima chenye nyuzi 3 upande wa magharibi kinakula angalau dakika 12 za mwisho, kwa sababu mwezi hushuka nyuzi 1 kwa dakika 4 hata pale unaposhuka wima.

Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (inayokuza mara 7 au 10, yenye lenzi za milimita 50) inatosha. Irekebishe mapema kwa kitu cha mbali sana au sayari mpaka kionekane wazi, kwani taswira yenye ukungu kidogo tu huifuta hilali kabisa. Usiielekeze magharibi mpaka jua lote lizame; jicho linaungua kwa mara moja. Na skrini isije uwanjani, mwanga wake unaua uwezo wa macho kuona uzi ule wa mwezi. Andika namba nne kwenye karatasi, nyuzi kushoto au kulia, kimo, saa bora na saa ya mwezi kuzama, kompyuta ibaki nyumbani.