TAHADHARI KWA WABONGO WA OHIO: Anayekwambia kodi ya mapato ni hiari anakuingiza mjini

Nimeandika hii nikafuta mara tatu. Mke wangu kaniambia niache, aibu ya nyumba haitangazwi. Lakini jana nimesikia Jumamosi hii jamaa aliyetufundisha kutolipa kodi ana darasa lingine, basementi ile ile, pilau lile lile, na safari hii kaalika vijana waliofika juzi, hata jaketi la baridi hawajanunua. Basi naandika. Atakayecheka acheke.

Mnaonijua mnajua sikuja Marekani jana. Nimebeba boksi miaka tisa, na kabla ya hapo nilikuwa keshia benki, Mwanza. Noti ya bandia naijua kwa kidole. Kwa hiyo wanaoniuliza "akili zako zilikuwa wapi", swali hilo nimejiuliza kuliko nyinyi.

Jina simtaji, nimeshauriwa hivyo. Ila mliokuwepo kwenye ule msiba mnamjua. Ndiye aliyeshika daftari la michango. Alisoma jina la kila mtu na kila dola mbele ya watu, mwili ukafika nyumbani kwa wakati na chenji ikarudi kwa mjane. Mtu wa namna hiyo akikwambia jambo, utamuuliza leseni? Mimi sikumuuliza. Nilimpa na projekta yangu, ile tunayoangalizia Simba na Yanga, maana alisema ana "semina ya haki zetu" na ukuta wake ni mweupe mzuri.

Siku yenyewe tulikuwa watu kumi na moja. Tukala kwanza. Halafu akazima taa, akatoa leseni yake ya udereva, akaipiga picha ikatokea ukutani. "Soma jina." Tukasoma. "Limeandikwaje?" Herufi kubwa tupu. "Mama yako alikuandika hivi?" Kimya. "Huyo siyo wewe. Hiyo ni kampuni, serikali imeifungua kwa jina lako, na kampuni ndiyo inayodaiwa kodi, siyo mtu mwenye damu." Nilitoa leseni yangu mfukoni nikaiangalia. Wallahi niliiangalia kama naiona mara ya kwanza.

Akahamia kwenye historia. Ohio hii tunayokaa, akasema, haikuwa jimbo halali mpaka Bunge la Marekani lilipopitisha azimio mwaka 1953. Sasa marekebisho ya 16 ya Katiba, yaliyoleta kodi ya mapato, yalipita mwaka 1913, na kura ya Ohio ilihesabiwa. Kura ya jimbo ambalo halipo! Watu wakaguna. Kisha akatuwekea sentensi ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1960, kapaka rangi ya njano: mfumo wetu wa kodi umejengwa juu ya kujikadiria na kulipa kwa hiari, siyo kwa kukamata mali. Niliitafuta kwenye simu pale pale nikaikuta ni ya kweli, neno kwa neno. Hapo ndipo nilipokwisha. Keshia mzima nimehakiki noti, noti ni halali.

Kuna dada mmoja, Mungu ambariki, aliuliza: mbona Wesley Snipes, yule mcheza sinema, alifungwa kwa kodi? Jamaa akacheka kabisa. "Wesley alifungwa kwa kutofaili, kutopeleka fomu ya kodi. Sisi tunafaili. Tunafaili sifuri." Ukumbi mzima tukacheka naye. Yule dada alichukua mkoba wake akaondoka, na mimi, naomba anisamehe popote alipo, nilisema kwa sauti "huyo mwoga".

Nikalipa dola 900 kwa Zelle, ile ya kutumiana hela kwa simu. Nikapewa bahasha ya karatasi: W-4, fomu ya makato, ya kupeleka kazini nisikatwe tena kodi ya shirikisho, fomu ya kusema W-2 ya mwajiri, karatasi ya mshahara wa mwaka, imekosewa na mshahara wangu wa kweli ni 0, marekebisho ya fomu za kodi za miaka miwili ya nyuma, na kiapo. Kiapo kilitaka dole gumba kwa wino mwekundu. Akanishika mkono mwenyewe, akakibonyeza kidole taratibu kama mnatoa kitambulisho cha mpiga kura. Wino ule haukutoka. Jumatatu nipo kwenye mkanda wa maboksi, supavaiza ananiuliza umejikata? Nikamwambia hapana, rangi tu, huku moyoni nikimwonea huruma kwamba yeye bado ni mtumwa. Mimi!

Na kibaya zaidi, ilifanya kazi. Mshahara wa wiki mbili uliongezeka. Mwezi wa tano IRS, watoza kodi wa Marekani, wakaniingizia dola 7,180, kila nilichokatwa mwaka mzima pamoja na ile ya uzeeni. Nikampa asilimia 20 yake, dola 1,436, na soda juu. Nikatuma nyumbani za bati. Nikawaambia wenzangu wawili kazini. Mmoja wao ni wewe kaka, unaposoma hapa najua umenuna, tutaonana.

Ile hela ilitoka kwa sababu kompyuta yao inalipa kwanza, watu wanakagua baadaye. Hilo nimeelezwa mwezi wa pili mwaka huu.

Barua ilikuja mwezi wa kumi. Ilisema madai yangu ni ya kipuuzi mbele ya sheria na nina siku 30 kurekebisha. Siku 30, ningesahihisha yangeisha pale. Nikampigia. Akaniambia usiiguse, igonge muhuri "imekataliwa", rudisha kwa barua ya rejesta, ukijibu umekubali mkataba. Nikaenda posta, nikapanga foleni, nikalipia kwa hela yangu kuirudisha barua iliyokuwa inataka kuniokoa.

Kilichofuata nakisema haraka maana kinaniuma. Faini dola 5,000 kwa kila karatasi ya kipuuzi, na nilituma tatu. Hiyo ni 15,000. Juu yake 7,180 irudi, na riba. Ohio nao wanataka chao, na jiji la Columbus wenyewe wanaokata asilimia 2.5. Kazini HR aliniita ofisini, mlango wazi, akanisomea barua ya IRS inayomwamuru anikate kwa kiwango chao na asipokee tena W-4 yangu ya kupunguza. Yule mama aliongea polepole, kama anaongea na mgonjwa.

Na kiapo! Ndani ya kile kiapo na kwenye fomu nilijiita mgeni asiye mkazi wa Marekani. Mimi mwenye grini kadi. Fomu ya kuomba uraia, ile N-400, ina swali hilo hilo: tangu upate ukaazi, umewahi kujiita mgeni asiye mkazi kwenye kodi? Nilikuwa nijaze mwaka huu. Mtu aliyeshika daftari la msiba wetu anajua fika kila mmoja wetu yuko kwenye makaratasi gani.

Nimekwenda kliniki ya msaada wa kodi, bure, kwa wenye kipato kidogo. Dada wa pale hakunicheka. Alinifungulia sheria ya kodi, kifungu cha 1 kinatoza, cha 61 kinasema mapato ni nini na ujira upo ndani, cha 6012 kinataja nani lazima afaili. Dakika nne. Ohio ni jimbo tangu 1803. Marekebisho ya 16 yalihitaji majimbo 36, yakaridhia 42, itoe Ohio uone kama inabadilisha kitu. Hiyo sentensi ya hiari maana yake unajihesabia mwenyewe kabla serikali haijaja kukuhesabia, basi. Na ile kesi ya 1960, bwana Flora aliyeshtaki ALISHINDWA. Aliambiwa alipe kodi yote kwanza ndipo aende mahakama ya wilaya kudai arudishiwe. Nilisoma sentensi moja, nikaacha kusoma nani kashinda.

Na mwalimu wa Wesley wa mambo haya ya kodi, Eddie Ray Kahn? Wesley alipewa miaka 3. Kahn alipewa 10. Hilo pale kwenye pilau halikusemwa.

Mnauliza dalili. Hakusaini popote kama mwandaaji, nafasi ya saini yake na namba yake ya IRS ilibaki wazi, na anayelipwa kukujazia kodi lazima asaini. Alitaka asilimia ya hela inayorudi. Alisema tusimwambie mhasibu yeyote. Yeye mwenyewe, nimeambiwa na mtu wa karibu, anafaili kawaida na analipa. Nyingine zitanijia.

Lakini mimi nataka afungwe. Siyo arudishe hela tu, afungwe, na kila aliyepigwa dole jekundu akae mstari wa mbele mahakamani. Kuna fomu 14242 ya kuwaripoti hawa wanaouza ukwepaji, yangu imeshatumwa na Zelle yangu na picha ya ile bahasha. Wengine kumi mliokuwepo, najua hali zenu, mnaogopa. Kliniki haiulizi makaratasi yako. Kama barua yako ya siku 30 iko kabatini, itoe leo, usiirudishe posta.

Vijana wa Jumamosi, pilau kaleni majumbani kwenu.

Na wewe unayesoma kimyakimya kwa namba ya mkeo, nakuona. Projekta yangu naitaka kabla ya Ijumaa.