Somo la bwawani Hombolo: nalisifu, ila kitini kibadilishwe

Nafundisha sayansi darasa la sita hapa Dodoma mjini. Mwezi Mei tuliwapeleka wanafunzi Bwawa la Hombolo kwa somo linaloandaliwa na watafiti wa uvuvi wakishirikiana na walimu. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni maandalizi. Mtafiti alikuja shuleni kabla ya safari, tukapitia muhtasari pamoja, akakubali kuacha karibu nusu ya aliyotaka kusema. Wataalamu wengi hawakubali hilo.

Bwawani, watoto walishusha majini sahani ya Secchi, kile kiduara cheusi na cheupe cha kupimia uangavu wa maji. Kikapotea machoni kamba ikiwa bado fupi. "Nini kimekificha?" akauliza mtafiti, kisha akasubiri. Tope, akajibu mmoja. Limetoka wapi? Hapo wakageuka wenyewe kutazama mashamba na njia za ng'ombe upande wa juu. Bwawa hili lilijengwa 1957, na tope linazidi kulijaza. Ningeweza kulieleza ubaoni kipindi kizima, wasilishike namna ile.

Mvuvi mmoja akawaletea samaki. Kambare alifunguliwa kichwa, wakaoneshwa kiungo kilicho juu ya matamvua anachovutia hewa, ndiyo maana huvumilia maji ya tope yenye oksijeni kidogo. Mtoto ambaye darasani hasemi kabisa akauliza kama perege naye anacho. Hana. Ila perege jike hubeba mayai mdomoni hadi vifaranga waweze kujitegemea, na hapo hoja ya kuepuka nyavu zenye matundu madogo, zinazonasa hata wachanga, ikaeleweka bila hotuba.

Sasa kasoro. Kitini, yaani maandishi ya somo hili, kimejaa sangara wa Ziwa Victoria. Habari ya samaki yule, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, ni muhimu mno, lakini mtoto wa Dodoma aanze na kambare anayemwona sokoni. Na hadubini moja kwa darasa zima haitoshi. Waliokuwa nyuma hawakuona mwani wala viroboto-maji, wale vijidudu vya majini.

Mwalimu atakayewaita watafiti hawa aombe ziara mbili: moja baada ya masika, nyingine Oktoba, maji yakiwa yamepungua na chumvi imekolea. Vipimo viandikwe kwenye daftari moja ili watoto walinganishe. Na wabebe kofia, jua la pale ni kali.