Goti la bomba la gata: msimu mzima wa mvua nyumbani kwangu Mwanga, Kigoma

Goti ni jina tulilokipa kifaa chenye bawaba kinachofungwa mwisho wa bomba la gata, lile linaloshusha maji ya mvua kutoka paani. Kwa miaka mitatu bomba langu kwenye kona ya chumba cha watoto lilikuwa na kipande cha kupeleka maji mbali na ukuta, na kwa miaka hiyo mitatu kipande hicho hakikuwahi kumaliza wiki mahali pake. Anayefagia uwanja anakisogeza. Anayetandika turubai la kuanikia dagaa anakisogeza. Watoto wakikosa goli, basi goli ni hilo. Mvua inakuja saa nane za usiku, kipande kimelala chini ya mwembe, na maji yote ya kona ile yanamwagika mguuni mwa msingi.

Nyumba yetu iko Mwanga, upande unaoteremkia ziwani. Huku ukitaka kiwanja kilichokaa sawa lazima uchonge ubavu wa kilima, na udongo wangu ni mwekundu, ukilowa unaondoka na maji. Mwaka wa kwanza maji yalichimba kishimo cha kuingia sufuria. Mwaka wa pili mawe ya msingi yakaanza kuchungulia. Mwaka wa tatu lipu ya ndani ikavimba, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, ikatoka ile chumvi nyeupe, na godoro la mdogo likaanza kunuka ukungu. Nilipaka rangi mara mbili kabla ya kukubali kwamba rangi haina kosa.

Ukipiga hesabu hushangai. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa langu ni kama mita za mraba 100 na lina kona 4 za kushushia maji, kwa hiyo kila bomba linabeba maji ya mita za mraba 25. Ikinyesha milimita 30, na hapa kwetu mvua ya namna hiyo wala si habari ya kumpigia mtu simu, kona moja inapokea lita 750. Hizo ni ndoo 37 za lita 20, na zaidi, zinazomwagwa sehemu moja, palepale ukutani. Kona moja nimeielekeza kwenye simtanki. Zile 3 zilizobaki ndizo zilizonitesa.

Kaka yangu aliyeko Dar ndiye aliyenitumia picha ya hiki kifaa. Ni kipande cha plastiki chenye bawaba, kinafungwa mwisho wa bomba linaloshuka. Bomba la kurefushia ukiliunganisha hapo, unaweza kuliinua likasimama kando ya ukuta, kisha ukalishusha likalala chini tena. Nilielewa hapohapo. Shida yangu haikuwa urefu wa bomba, ilikuwa kwamba kila mtu analing'oa. Kitu kinachoinuka bila kung'oka, hata mtoto atakirudisha.

Nikaagiza 2 kutoka duka moja la Kariakoo, shilingi 42,000 kimoja, vikaja kwa basi. Hapa nina dukuduku. Kwenye picha kulikuwa na bomba zima. Kwenye boksi nilikuta bawaba peke yake. Halafu mdomo wake ni wa mstatili, inchi 2 kwa 3, saizi ya mabomba ya gata ya Marekani, wakati mabomba yangu ni ya PVC ya duara, inchi 3, kama ya nyumba nyingi za mtaani kwetu. Nilipopiga simu, muuzaji akanijibu, "Dada, hiyo ndiyo saizi ya kimataifa." Nikamshukuru, nikakata simu.

Aliyeniokoa ni fundi bomba wa mtaani, kijana tu. Alikigeuza kifaa mara mbili, akakikunja na kukikunjua, akacheka. "Mama, hili si goti tu!" Tangu siku hiyo jina ni hilo, goti, na mimi sitaliita vingine.

Aliwasha jiko la mkaa, akawa anauzungusha mwisho wa bomba juu ya moto bila kuuunguza mpaka ukalegea kama chapati, akausukumia ndani kibao alichokuwa amekichonga inchi 2 kwa 3, kisha akamwagia maji baridi. Ukatoka mstatili. Hesabu zenyewe zinakubaliana: bomba la inchi 3 lina mzunguko wa karibu inchi 9 na nusu, na mstatili ule una inchi 10. Bomba halikupasuka wala halikubaki na mkunjo. Upande wa pili wa goti alivisha bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 1.8, akalibana kwa skrubu fupi.

Jambo moja alilirudia mpaka nikalikariri: kipande cha juu ndicho kinachoingia ndani ya kipande cha chini. Ukigeuza, maji yanakutana na ukingo na kuvujia palepale ulipotaka yasifike. Skrubu nazo zikae juu na ubavuni, zisikae tumboni mwa bomba, maana majani ya mwembe yakinasa kwenye ncha ya skrubu moja yanajenga bwawa.

Kufunga magoti yale 2 hakukufika hata nusu siku. Kilichokula muda ni udongo. Bomba likiishia mita 1.8 kutoka ukutani halafu ardhi inarudi nyuma kuelekea nyumba, umejisumbua bure, maji yatakufuata. Ilibidi tufukie kile kishimo, tushindilie, tuchonge uwanja ushuke angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 kwa pima maji na kamba, na pale mdomo wa bomba unapolala tukatandaza mawe ili maji yasichimbe kishimo kipya. Kama bajeti yako ni ndogo, anza na udongo kabla ya goti.

Kona ya tatu sikuwa na kifaa, na sikutaka kuagiza tena. Fundi akaniambia nimpe siku moja. Alichukua mabaki ya lile bomba la inchi 4, akakata mdomo wake kwa mshazari ili upande wa juu uwe wazi, akauvisha juu ya kiwiko cha inchi 3 kilicho mwisho wa bomba la kushuka, kisha akatoboa kushoto na kulia na kupitisha boliti 2 za mabati zenye washa na nati mbilimbili. Nati hazikukazwa hadi mwisho, ndiyo bawaba yenyewe. Vifaa na ufundi, shilingi 20,000. Halina sura ya dukani, boliti zimetokeza kama masikio ya panya, lakini linainuka na kushuka vizuri kuliko yale mawili.

Mvua zilipoanza nilikuwa natoka na tochi kuchungulia, nakiri. Maji yalikuwa yanapita, yanatua kwenye mawe, yanaondoka. Asubuhi ukuta ulikuwa mkavu hadi chini kabisa. Mfagiaji anainua kwa mkono mmoja, anafagia, anashusha. Mara nyingine tunaliacha limeinuliwa tukaweka beseni chini yake, tukapata maji ya kufulia. Ya mwanzo yanakuja na vumbi la bati, hayo tunayamwaga.

Sasa kasoro zake. Kwanza, goti la dukani halina kitu cha kulishikilia likiwa juu. Upepo wa ziwani ukivuma, bomba linagonga ukuta ka-ka-ka usiku kucha. Tulipiga msumari ukutani na kipande cha mpira wa baiskeli, kelele zikaisha. Pili, mtu alinishauri nipake mawese kwenye bawaba ili isikwaruze. Usifanye hivyo. Kesho yake bawaba ilikuwa na sisimizi na vumbi la kutosha kupandia mchicha.

Tatu, na hili liliniuma. Mwezi Januari tulikuwa na shughuli nyumbani, magoti yote 3 yakainuliwa ili viti vipangwe. Wageni wakaondoka, sisi tukalala. Mvua ikaja. Goti lililoinuliwa linamwaga maji ukutani moja kwa moja, sawa na kama hukununua chochote, tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa nimelala usingizi mnono. Usiku mmoja ule ulirudisha nusu ya kishimo. Siku hizi aliyeinua ndiye anayeshusha, na kabla ya magharibi mtu mmoja anazunguka nyumba kukagua.

Nne ni bibi wa nyumba ya chini. Sikumfikiria kabisa. Maji niliyoyafukuza kwangu yalikuwa yanakwenda kumsalimia yeye jikoni. Alikuja mwenyewe, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akanywa chai yote ndipo akasema, "Mwanangu, mvua ya Mungu naijua. Hii nyingine ni ya kwako." Sikuwa na la kujibu. Tulichimba mfereji mdogo wa kukinga mpakani na kuupeleka kwenye mtaro wa barabara, kibarua wa siku 2. Ukikaa kwenye mteremko, gharama hiyo ihesabu tangu mwanzo, na nenda wewe kwa jirani kabla hajaja yeye.

Ukuta wa chumba cha watoto haukupona kwa sababu ya goti pekee. Mvua zilipokwisha nilikwangua lipu yote iliyovimba hadi kwenye tofali, nikaacha pakauke. Sasa ni Julai, bado sijapaka rangi, ila ile chumvi haijarudi na godoro limerudi mahali pake.

Kama ni nyota, kifaa cha dukani nakipa 3. Wazo lake ni zuri, plastiki yake ndiyo nyepesi: moja limepata ufa kwenye bawaba baada ya mtoto kulipanda kama farasi, na jua nalo limeshalifanya liwe jeupe-jeupe. Kazi ya fundi naipa 5. Ameshakata bomba la kutengeneza goti jingine la boliti, atalifunga palipo na ufa kabla ya Oktoba, na lile zima la dukani litabaki kona ya mbele, ambako watoto hawachezi.