Bia ya siagi, na mkubwa aliyekataa kuionja

Nyota moja, na hiyo moja ni ya dada aliyetuhudumia. Baa yenyewe siitaji jina wala mtaa, maana sitaki kesi na mtu. Ni zile baa za krafti za Nairobi, za bia za viwanda vidogo, zilizoota siku hizi: mabomba yamepangwa ukutani yanameremeta, majina ya bia yameandikwa kwa chaki kwenye ubao, na glasi moja inauzwa bei ya Tusker mbili na nauli ya matatu juu.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa krafti. Nilianzia kwenye stauti ya Sierra, ile bia nyeusi, zamani kidogo, nikashikwa, na mpaka leo tuko kundi la marafiki tunaokutana kwa mmoja wetu, kila mtu na chupa yake, tunamimina vidogo vidogo na kubishana mpaka majirani wagonge ukuta. Kuna mmoja hanywi ila IPA, tena zile kali zenye uchungu wa mwarobaini. Kuna mwingine aliletewa bia ya ngano ya Kijerumani akaapa kwamba wametia ndizi mbivu na karafuu. Tulimweleza kwamba hakuna ndizi wala karafuu humo, ni hamira tu ya aina hiyo ndiyo inayotoa ladha hizo bia inapoumuka. Hakuamini. Hajaamini hadi leo. Lakini aliinywa, na alisema alichokionja, na hakuna aliyemwambia kwamba hajui bia. Mnaona ninakoelekea.

Siku hiyo nilikuwa na shemeji yangu. Shemeji ni mtu wa Tusker baridi, basi, hana habari na kitu kingine, na kila akifungua chupa lazima akusimulie George Hurst alivyouawa na ndovu mwaka 1923, mwaka mmoja tu baada ya yeye na nduguye kuanzisha kiwanda cha bia hiyo, kana kwamba yeye shemeji alikuwepo akishuhudia. Nilikuwa nimemwahidi nitamwonyesha bia ni nini. Nilipomwambia tunakwenda kunywa bia ya kegi, ya pipa, alicheka sana, kwa sababu kwake kegi ni Senator, ile iliyoletwa mwaka 2004 iwe nafuu ili watu waache kufa kwa pombe kali ya chang'aa. "Shemeji, unanipeleka kunywa kegi kwa mia sita?" Nikamwambia atulie, aone.

Ilikuwa siku ya kazi, na tulifika mapema kabisa, baa ndiyo kwanza inafungua. Mnajua sheria ya pombe, ile ya Mututho: siku za kazi, kabla ya saa kumi na moja jioni baa haikuuzii kitu. Maana yake ni kwamba mteja wa kwanza wa jioni, kama hakuna aliyejali, ndiye anayenyweshwa ile bia iliyolala kwenye paipu ya kutoka kegi hadi bomba usiku kucha na mchana kutwa. Baa inayojiheshimu huimwaga ile ya mwanzo. Hii haikumwaga. Nilimwona kijana wa kaunta kwa macho yangu akiweka glasi chini ya bomba na kuvuta, moja kwa moja, akatuletea.

Kabla hata ya kunywa niliona viputo vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, pande zote. Hiyo ni ishara ya glasi iliyooshwa vibaya, ina mafuta au sabuni. Nikasema moyoni, haya, usianze, uko na mgeni. Nikainua. Harufu ya siagi. Si ya kutafuta, si ile ya kufumba macho na kukunja uso kama waonja divai. Siagi! Na nilipokunywa, nyuma ya siagi ikaja siki, ikakaa ulimini ikakataa kutoka.

Shemeji aliweka glasi yake chini akaisukuma mbali kwa kidole kimoja. "Shemeji," akasema, "hii imeharibika."

Mtu wa Tusker baridi. Hajawahi kusoma mstari mmoja kuhusu hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu. Alijua kwa funda moja.

Na meza ya pili palikuwa na vijana watatu, wameagiza ileile, wanazungusha glasi, wanaitazama kwenye taa. Mmoja alisema anapata siagi na tufaha bichi na kwamba mpishi wa bia hii ni jasiri. Jasiri! Nilitaka kusimama niende pale. Ladha ya tufaha bichi mara nyingi ni ya bia ambayo haijaiva, iliyotolewa kabla hamira haijamaliza kazi yake. Wao wanaipa alama nane na nusu na kuipiga picha. Siwalaumu sana, bado wachanga kwenye mchezo. Au niseme ukweli, nawalaumu. Watu wa namna hii ndio wanaofanya baa kama ile iendelee, kwa sababu kila uozo wanaupatia jina zuri.

Sasa nieleze kidogo, kwa wale watakaoniambia kwamba siagi ni mtindo. Ni kweli, hamira ikiwa kazini hutoa kemikali yenye ladha ya siagi, daisetili, kisha ikipewa muda huila tena yenyewe, bia ikatulia. Ni kweli pia kwamba ziko bia za Uingereza na za Ucheki ambazo siagi kidogo inavumiliwa, hata kupendwa. Mpaka hapo ningekubali kushindwa. Lakini siagi pamoja na siki, kwenye bia ya bomba? Hiyo kwa kawaida ni paipu. Bakteria wanajenga makazi ndani ya paipu zisizooshwa, wengine wanatengeneza siagi, wengine siki, na kila bia nzuri inayopita pale inaokota uchafu wao njiani. Ndiyo maana watu wa kazi hii wanasema paipu zioshwe kwa dawa kila baada ya wiki mbili hivi, na mabomba yenyewe yafunguliwe yasuguliwe. Si siri. Si sayansi ya kupeleka mtu mwezini.

Tena baa za krafti ndizo zenye hatari kubwa kuliko kilabu cha Senator, na hili watu hawalifikirii. Kilabu cha Senator kegi inafika na jioni hiyohiyo imekwisha, bia haina nafasi ya kulala. Hapa kuna mabomba mengi, bei ya juu, wanywaji wachache, na kegi moja inaweza kukaa wiki baada ya wiki ikitoa glasi mbili jana na glasi moja leo. Kwa hiyo ukitaka kuwa na ukuta wa mabomba uwe na mtu wa kuyaosha. Kama huna, weka matatu tu, hakuna atakayekucheka.

Nikamwita dada aliyetuhudumia, nikamwambia kwa upole kabisa kwamba bia ina kasoro. Hakubisha. Alinusa glasi, nikaona uso wake, akasema, "Wacha niite mkubwa." Akaja mkubwa. Shati limepigwa pasi, simu mkononi. Hakutusalimia.

"Iko shida gani, boss?"

Nikamwambia: bia ina siagi na siki, nadhani ni paipu, naomba uionje.

"Hii ni krafti, boss. Iko tu hivyo. Kama umezoea Tusker, mwanzo itakusumbua."

Nikamwambia mimi nimezoea krafti, mwenye Tusker ni huyu. Onja tu.

"Hatujapata malalamiko kwa hii bia. Hata hapo," akanyoosha kidole kwa wale vijana watatu, "wanaifurahia."

Nikasukuma glasi mpaka ikafika ukingoni mwa meza upande wake. Onja, mkubwa. Na yule bwana, jamani, akaitazama ile glasi, akanitazama mimi, akasema huwa hanywi akiwa kazini, na akamwambia dada atuletee nyingine "labda itawafaa." Akaondoka. Nyingine ilitoka bomba lilelile. Siagi ileile, siki ileile.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na haijashuka. Si hela. Mia sita zangu nimeshazipoteza kwa mambo ya kipuuzi zaidi. Paipu chafu inaweza kumpata yeyote, hata wale wenye baa nzuri huteleza. Lakini unauza kinywaji, mteja anakwambia kimeharibika, kiko mbele ya pua yako, na huwezi kutia hata tone mdomoni? Kunusa je, nako kunakatazwa kazini? Mimi ni mtu wa Kakamega. Nyanya yangu alipika busaa, pombe yetu ya kienyeji, kwa miaka mingi, alikaanga unga ulioumuka kwenye bati mpaka macho yakamwiva kwa moshi, akatia kimea cha wimbi, akangoja, akachuja. Na hakuna mgeni aliyegusa mrija kabla yeye mwenyewe hajaonja mbele ya watu. Mzee mmoja akisema leo imechacha, nyanya hakumwuliza amezoea kunywa nini. Alionja tena. Kama imechacha, imechacha, chungu kinaondolewa. Huyo ni mwanamke ambaye hakuwa na ubao wa chaki.

Basi tukawa tumekaa, mimi nimefura, shemeji ananiambia twende zetu tukatafute Tusker. Yule dada akapita karibu akainama kama anayefuta meza, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, agiza ya chupa. Stauti iko fiti." Nikaagiza kwa shingo upande.

Na sasa ndipo tathmini yangu inapoharibika, kwa sababu ile stauti ilikuwa safi ajabu. Imetengenezwa hapahapa Kenya, na wapishi walewale wa ile bia ya bomba. Kahawa, chokoleti chungu, kisha mwisho mkavu unaokufanya utake funda jingine. Haikuwa tamu ya kukera, haikuwa nzito ya kushibisha. Tuliiacha ipate joto kidogo, kwa sababu stauti ikiwa baridi kama barafu inaficha kila kitu, na kila ilivyopata joto ikazidi kufunguka. Shemeji alionja ya kwangu, akanyamaza, akaonja tena, akaitisha yake. Shemeji! Hakutaja ndovu kwa karibu nusu saa.

Kwa hiyo wapishi nawapa nyota tano. Hawana kosa, walichokitia kwenye chupa ndicho nilichokikuta kwenye chupa.

Lakini nikikaa nikiwaza, hata hizo tano nataka kupunguza. Wapishi, hizo kegi ni zenu. Jina lililoandikwa kwenye ule ubao ni lenu. Mtu akinywa ile siagi kwa mara ya kwanza hasemi baa ni chafu, anasema bia yenu ni mbaya, au mbaya zaidi, anasema krafti yote ni utapeli, anarudi alikotoka na hamtamwona tena. Kama unapeleka kegi kwa mtu, pita siku moja jioni bila kujitambulisha, agiza glasi, unywe. Mkikuta paipu zina uchafu, ondoeni kegi zenu. Mtapoteza mteja mmoja, ndiyo. Nyota tatu na nusu basi. Nne kwa ajili ya stauti. Ile stauti peke yake ni tano, hilo sibadilishi.

Halafu bili. Bili ilikuja na glasi zote za siagi zimeandikwa humo, pamoja na ile ya pili tuliyoletewa ambayo hatukuiagiza. Nikamwomba dada amwite tena mkubwa, akasema ametoka. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, amesimama nje na simu yake. Shemeji akalipa kwa M-Pesa kabla sijasimama, kwa sababu anajua nikianza siishi. Dada tulimpa chake mkononi, si kwenye bili.

Mtaniuliza kama nitarudi. Kwa ile stauti, huenda, dada akiwa zamu. Ingawa nimeshaulizia, na kuna duka la vinywaji si mbali na kwangu wanaoiuza kwa bei ya chini zaidi, kwa hiyo labda sina sababu. Kundi letu likikutana tena naileta, na yule wa IPA ataisema vibaya, na tutabishana. Bomba la baa ile siligusi. Na mkubwa, kama unasoma: nyota yako haipo, umepata sifuri, na itabaki sifuri mpaka siku utakayomwaga ile glasi ya kwanza ya jioni kwenye kikombe chako mwenyewe na kuimaliza.