Agizo la Pamoja la Bodi za Saketi Kijitonyama: Tathmini ya Huduma kwa Waundaji wa Sintesaiza

Kiwanda cha bodi za saketi hakimtengenezei mtu bodi moja. Viwanda vingi vya Shenzhen, ambako waundaji wengi wa vifaa vya elektroniki hupeleka michoro yao, huanzia bodi tano kwa kila mchoro, na bodi hizo zisipozidi milimita 100 kwa 100 huweza kugharimu dola chache tu, ilhali nauli ya kuzileta Dar es Salaam kwa ndege huzidi bei ya bodi zenyewe. Mtu anayejiundia sintesaiza, yaani ala ya muziki inayozalisha sauti kwa saketi za umeme, anahitaji nyumbani osileta moja au mbili (saketi zinazozalisha sauti), kichujio kimoja cha kuichuja na amplifaya moja. Akiagiza peke yake, atalipa nauli nzima na kubakiwa na bodi asizozihitaji. Kwa hiyo karakana moja ndogo ya Kijitonyama imeanzisha huduma ya kukusanya mahitaji ya watu wengi na kuyatuma kama agizo moja, nami nimeshiriki katika agizo lao la karibuni.

Jambo lililonishawishi kuliko bei ni kazi wanayoifanya kabla ya fedha kwenda kiwandani. Faili za kila mchoro hufunguliwa mbele ya washiriki, kisha mchoro huchapishwa kwenye karatasi kwa kipimo chake halisi, hugandishwa juu ya kipande cha boksi, na vifaa vyenyewe huchomekwa hapo kimoja kimoja. Nilishuhudia soketi ya milimita 3.5 ikikataa kuingia, kwa kuwa mguu wake mmoja ulikuwa umehama kidogo kutoka kwenye alama ya tundu lake. Mchoraji alitumia vipimo vya soketi ya aina nyingine, na kasoro hiyo ingejirudia katika kila bodi ya agizo zima. Faili ilirekebishwa jioni ile ile. Paneli nazo zilipimwa kwa Eurorack, mfumo wa vipimo vya sintesaiza za vipande vipande ambao Doepfer wa Ujerumani aliuanzisha katika miaka ya 1990: urefu wa milimita 128.5, na upana unaohesabiwa kwa vipande vya milimita 5.08.

Hesabu zao pia ziko wazi. Fedha zilikusanywa kwa simu, na kila mshiriki alipewa nakala ya ankara ya kiwanda, ankara ya msafirishaji na risiti ya forodha, ikiwamo VAT ya asilimia 18, ili ajionee mwenyewe fungu lake lilivyopatikana. Kuchangisha watu wasiojuana kuna masharti yale yale ya upatu: mshika fedha akikaa kimya, minong'ono huanza. Mzigo ulipokwama kwa muda katika ukaguzi, mratibu alitoa taarifa hata siku ambazo hakuwa na jipya la kusema, na sikusikia mtu akidai kurudishiwa fedha zake.

Bodi zenyewe ni nzuri. Ni za FR-4, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, yenye unene wa milimita 1.6, shaba ya mikroni 35, na bati lisilo na risasi limekaa sawasawa kwenye kila tundu. Maandishi yanasomeka bila kioo cha kukuzia, na upande wa kuingizia umeme umechorwa mstari mnene unaoonyesha mahali pa waya mwekundu wa utepe wa nyaya za umeme, yaani upande wa volti 12 hasi. Alama hiyo ni muhimu sana, kwa sababu utepe ukigeuzwa umeme huingia kinyume na chipu huungua. Bodi hizi zimewekewa pia diodi za kinga, jambo ambalo wachoraji wengi huliruka ili kupunguza gharama. Rangi nyeusi iliyochaguliwa inapendeza, lakini inaficha njia za shaba pale fundi anapotafuta hitilafu, na mimi ningechagua kijani.

Upungufu mkubwa wa huduma hii uko katika orodha ya vipuri. Orodha waliyoitoa imeandikwa kana kwamba mnunuzi anaagiza kila kitu kutoka Ulaya, ilhali wengi wetu tunakwenda Kariakoo kwanza. Chukua mfano wa transista. Bodi ya kichujio imechorewa 2N3904, ambayo ukiitazama upande wake bapa, miguu ikielekea chini, mpangilio wake kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Mwenye duka atakupa BC547, inayofaa kabisa kwa kazi hiyo, ila miguu yake imepangwa kinyume: kolekta, besi, emita. Ni lazima igeuzwe ili upande wake bapa uelekee kinyume cha umbo lililochorwa kwenye bodi, na mstari mmoja tu wa maelezo ungemwondolea anayeanza usumbufu wa kulehemu na kung'oa. Vivyo hivyo kwa TL072, chipu ya kukuza ishara. Madukani utaambiwa chukua 4558, maana zinaingiliana miguu kwa miguu. Katika mixa ya sauti ushauri huo ni sahihi. Katika bodi inayoshika volti ndani ya kapasita ili noti itulie, haufai hata kidogo. TL072 huvuta kwenye ingizo lake mkondo mdogo mno unaopimwa kwa pikoampea, na 4558 huvuta mkondo unaopimwa kwa nanoampea, mkubwa mara mamia, kiasi kwamba volti huhama na noti huteleza hapo hapo. Mratibu anayafahamu haya yote, kwani alinieleza kwa ufasaha nilipomuuliza; kinachohitajika ni kuyaandika.

Kwa upande wa osileta ninawapongeza kwa kuchagua chipu ya 3340, ambayo ni osileta nzima ndani ya chipu moja. Osileta inayojengwa kwa transista peke yake huyumba kadiri joto linavyobadilika, kwa kuwa tofauti ya milivolti 18 hivi kwenye mguu wa besi wa transista inatosha kupandisha sauti oktava nzima, na kiwango hicho chenyewe hubadilika na joto. Katika chumba cha Dar es Salaam, ambamo feni huzimika umeme ukikatika, kasoro hiyo husikika waziwazi. Chipu ya CEM3340, iliyomo katika sintesaiza ya Roland SH-101, ina fidia ya joto ndani yake. Ilirudi kutengenezwa mwaka 2016, na nakala yake, AS3340, hutoka Latvia. Sijaiona Kariakoo, hivyo kuiingiza katika mzigo ule ule ulikuwa uamuzi wa busara. Jiji hili lilijenga mchiriku juu ya vinanda vidogo vya Casio, na singeli ikafuata kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika; linastahili osileta zinazokaa kwenye tuni.

Karakana pia inapokea michoro ambayo wenyewe wameiruhusu tu, ikiwamo ya Mutable Instruments ya Ufaransa, kampuni ya moduli za sintesaiza iliyofunga shughuli mwaka 2022 na kuacha michoro yake chini ya leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kuitumia. Hata hivyo, bodi hizo hutumia vipuri vya kubandika juu ambavyo baadhi yake vina ukubwa wa milimita 1.6 kwa 0.8, na tangazo halikumwonya mtu ambaye hajawahi kushika kibano. Washiriki wawili walizilipia, kisha wakazirudisha kwa mratibu azilehemu yeye.

Ninaipendekeza huduma hii kwa anayejua kusoma mchoro wa saketi na mwenye subira ya kungoja agizo lijae. Anayeanza kabisa aulizie kwanza bodi zenye matundu, aombe maelezo ya vipuri mbadala kabla ya kwenda dukani, na anunue soketi za kuchomekea chipu, kwa kuwa chipu ya 3340 ikilehemewa moja kwa moja ni kazi ngumu kuing'oa bila kuharibu bodi. Agizo linalofuata ni la kichujio kinachotumia chipu ya LM13700, na fungu langu nimeshalipia.