Kanda ya "Machozi, Jasho na Damu" kwa redio yenye betri zilizochoka

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina simu mpya, sina spika ya bluetooth, na wale wanaoniuliza kila siku kuhusu zile earphone za elfu ishirini, zinakuja wiki ijayo, tulieni. Leo mkononi nina hii. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaiona? Kanda. Ile yenye matundu mawili. Nyie mliozaliwa juzi, hii ndiyo ilikuwa Spotify yetu, tofauti ni kwamba hii ikikasirika inatafuna wimbo mbele ya macho yako.

Professor Jay, rapa wa Bongo Fleva, na albamu yake "Machozi, Jasho na Damu", 2001. Studio Bongo Records, mitambo ya prodyuza P-Funk Majani. Hayo mnayajua, sipotezi muda. Kama humjui Jay, simamisha video, kamuulize kaka yako mkubwa, halafu urudi.

Nimeipata Ilala, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani. Kwanza aliniuzia kava sahihi, ndani kukawa na kanda ya taarabu. Sio mbaya, taarabu yenyewe ilikuwa tamu, lakini nikarudi. Tumevutana, nimetoka na hii kwa elfu kumi na tano. Kava limepauka, pembe imeliwa na panya au mtoto, sijui. Utepe wenyewe mzima. Nimeurudisha nyuma kwa kalamu, taratibu, kama enzi zile.

Sasa twende kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera.

Hii redio yangu nimeiwekea betri zilizochoka. Makusudi kabisa! Tangu jana ziko juani, mnajua habari ya kuanika betri ili zipate nguvu kidogo, na moja nimeiuma kwa meno. Sauti nimeiweka chini ya nusu. Spika yake moja imekufa. Yaani nimeiweka redio katika hali ile ile tuliyokuwa nayo nyumbani Kigogo mwaka ule. Nabonyeza, wimbo ni "Ndiyo Mzee"... sikilizeni.

Basi, nimezima. Nikipiga zaidi ya hapo video inashushwa, mwezi uliopita ilinitokea na sitaki tena. Lakini mmesikia? Kila neno mmelisikia! Ngoja nirudie. Sasa natoka, naenda kule koridoni, kamera naiacha hapa... Bado namsikia. Naenda jikoni, mama anakaanga vitunguu, mafuta yanalia... bado namsikia! Mama, unasikia anasema nini huyo? "Anaomba kura." Umeona! Mama yangu hajui hata kama narekodi.

Hiyo ndiyo sifa ya albamu hii, na kwangu inazidi nyingine zote. Jamaa anatamka. Hamezi silabi, hakimbizani na mdundo. Anasimama juu yake kama mtu aliyepanda kwenye meza ya mkutano na anajua spika za mkutano ni mbovu. "Ndiyo Mzee" imejengwa hivyo. Mgombea anaahidi, umati unaitika ndiyo mzee. Anaahidi kikubwa zaidi, wanaitika kwa nguvu zaidi. Anafika mahali anaahidi wanafunzi wataenda kufanyia mazoezi yao mwezini, mabomba yatatoa maziwa, na watu bado wanaitika! Wala hakuna mahali anapokugeukia kukwambia "jamani, huyu ni mwongo." Anakuachia wewe mwenyewe ushtuke kwamba umeitika mara nane.

Mzee wangu alikuwa hataki kusikia rap ndani ya nyumba. Muziki wa wahuni, basi. Siku moja redio ya jirani inapiga huu wimbo, yeye anakula. Akaacha tonge hewani, akauliza, "Huyu anagombea chama gani?" Nawaambieni ukweli. Tulicheka mpaka tukafukuzwa mezani. Lakini kuanzia siku ile, Jay akipigwa redioni, hakuna aliyeambiwa azime. Na si kwetu tu. Waulizeni wenzenu wa rika langu, wengi watakwambia ni Jay aliyewaingiza wazazi kwenye Bongo Fleva.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye maoni: "Sugu je?" Sugu, yule rapa Mr. II, alitangulia, sibishi. Alifungua mlango wakati wenzake bado wanatafuta ufunguo. Na Juma Nature mwaka huo huo wa 2001 alikuwa na albamu yake "Nini Chanzo". Kwa kuimba pamoja na kiitikio mtaani, Nature hana mpinzani, ningempa leo leo. Ila Nature ukimweka kwenye redio hii ya betri mbovu, unabaki na kiitikio. Jay unabaki na hadithi nzima. Hata wakati yuko na kundi lake la Hard Blasters, kwenye "Chemsha Bongo" ya albamu ya "Funga Kazi", hadithi ndiyo ilikuwa silaha yake. Hapa kaja peke yake, na jina jipya. Alikuwa Nigga Jay, akajiita Professor. Na kweli akafundisha.

Nilipoanza video nilitaka kuwaambia hii ndiyo albamu bora ya Bongo kuwahi kutokea. Nimeisikiliza mara tatu tangu jana, nguvu imepungua kidogo. Kuna nyimbo mbili naziruka, sizitaji, mtanitukana. Vinanda vya kompyuta vimezeeka, vyembamba, vingine kama mlio wa simu za zamani. Mwanangu wa miaka kumi na mbili ameniuliza besi iko wapi. Nikamjibu imebaki studio. Lakini... hebu subirini. Kama besi ingejaa, kwa redio hizi tungesikia maneno? Tungesikia mngurumo tu. Aa, narudisha alama niliyokata.

"Bongo Dar es Salaam" isikilizeni mkiwa kwenye daladala, mkono mmoja juu ya mfuko wa simu. Matapeli anaowasimulia mle ndani bado wako kazini. Wamebadilisha nguo tu.

Halafu jambo linalonichekesha hadi leo. Mwaka 2015 jamaa mwenyewe alipanda jukwaani kweli. Aligombea ubunge wa Mikumi kwa Chadema, akashinda, akakaa bungeni hadi 2020. Sugu alikuwa ameshatangulia kwa Mbeya Mjini tangu 2010. Hebu fikiria unaomba kura mbele ya watu waliokua wakiitika wimbo wako! Ningekuwa kwenye mkutano wake, kila ahadi ningemjibu ndiyo mzee nione anafanya uso gani. Baada ya "Ndiyo Mzee" alitoa pia "Siyo Mzee", umati ukaanza kukataa, lakini hiyo haimo kwenye kanda hii. Video yake ipo njiani, jisajili, gonga kengele.

Bei sasa. Elfu kumi na tano kwa kanda moja, na redio ya kuipigia huna? Usinunue. Sikiliza bure mtandaoni kama wengine. Ila huko angalieni, nakala nyingine watu wamezirekodi kutoka redioni, mtangazaji anaingia katikati na jina la kituo, tena pale pale anapotoa ahadi tamu. Nimeisikia moja ya hivyo nikataka kutupa simu dirishani. Ukikuta kanda halisi, fungua kava dukani, hakikisha si taarabu, kisha...

Ta! Mmesikia hicho? Kitufe kimeruka chenyewe. Upande umeisha. Mama, punguza moto, nageuza upande wa pili.