Kizuia kishindo cha maji cha nusu inchi: kitu kizuri, mara nyingi kimefungwa pasipo pake

Kidude chenyewe hakizidi kiganja. Ni silinda ya brasi, ndani yake pistoni yenye ringi za mpira, na nyuma ya pistoni hewa iliyofungiwa kiwandani kwa psi 60 hivi. Maji yakikatwa ghafla yanaisukuma pistoni badala ya kuligonga bomba, hewa inabanwa na mshindo unafia humo. Kwa kazi hiyo moja kinastahili nyota tano. Lakini kelele nyingi za mabomba katika nyumba za Mombasa hazitokani na hilo, ndiyo maana mtu hukinunua, akakifunga, na usiku pampu ikizima, du! Palepale.

Kwa hivyo angalia kwanza kelele inakuja saa ngapi, na baada ya nini.

Ikiwa ni pigo moja kavu mashine ya kufulia inapokata maji, au mfereji wa mkono mmoja unapofungwa kwa pupa, hapo kifaa hiki kiko nyumbani. Mrusi Nikolai Joukowsky alitoa hesabu ya jambo hili mwaka 1898: katika bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimama ghafla huzua presha ya ziada ya bar 12 hadi 13. PPR, yaani bomba la plastiki, hunyumbuka, kwa hiyo pigo lake ni chini ya nusu ya hilo. Ndiyo sababu jengo la zamani lenye mabomba ya chuma hugonga kuliko ghorofa jipya lenye mashine ileile.

Kukifunga ni kazi ya dakika kumi. Funga get valvu, fungua mfereji presha itoke, kisha ukikaze kati ya mfereji wa mashine na hozi yake. Kisiwe mbali na mashine zaidi ya mita 1.8, kikiwekwa karibu na tanki hakisaidii kitu. Mahali penye washa bapa ya mpira usizungushe tepu: kaza kwa mkono, malizia na robo mzunguko wa spana. Nati nazo zitazame vizuri. Mifereji yetu ina nyuzi za BSP, kipimo cha Kiingereza, 14 kwa inchi, na vifaa vilivyotengenezewa hozi za Marekani vina 11.5. Kitashika mzunguko mmoja hivi, kikatae, na ukilazimisha unaharibu vyote viwili.

Kelele ya pampu kuzima ni kesi nyingine kabisa, na ndiyo iliyojaa kwenye majumba yenye tanki la chini na tanki la juu ya paa. Pampu ikisimama, nguzo ya maji ndani ya bomba la kupanda, mita 12 au 15 kwenda juu, inaanza kurudi. Nonritani, yaani valvu ya kuzuia maji yasirudi, ya kile kibati kinachoning'inia husubiri maji yaanze kushuka ndipo ijifunge, na inajifunga kwa kubamizwa. Ghorofa zima linasikia. Dawa ni nonritani ya springi ya kipimo kilekile, kwa kawaida inchi 1, kwa sababu springi inaifunga maji yakiwa bado yanapunguza mwendo, kabla hayajageuka. Mshale uelekee juu, na weka yunioni ili siku ya kuisafisha usikate bomba. Pesa ya kizuia kishindo ingetumika hapa.

Maji ya kisima yenye chumvi yana ugomvi wake na brasi. Fungua nonritani iliyokaa humo miaka kadhaa: kibati kina ukoko mweupe ukingoni, na brasi iliyokuwa ya njano imegeuka nyekundu kama matofali, zinki imelika. Ukiikuna kwa bisibisi inamomonyoka. Pistoni ya kizuia kishindo nayo hukwama na ukoko huohuo. Kwa maji ya namna hiyo tafuta brasi yenye alama ya CR, yaani inayostahimili kuliwa.

Kugonga kwa mfululizo, ta-ta-ta-ta, tanki la juu linapokaribia kujaa, ni bolkoki, ile valvu ya boya. Boya linapanda na kushuka na mawimbi, valvu inafunguka na kufunga. Badilisha washa, kaza mkono wa boya, basi. Na kukohoa kwa mifereji maji yanaporudi baada ya siku za mgao ni hewa tu. Fungua mfereji wa juu kabisa polepole, uache itoke yote kabla ya kuwasha mashine.

Wenye pampu ya presha watazame tanki lake la hewa. Swichi ikiwa imewekwa bar 1.4 hadi 2.8, hewa ya tanki iwe kama 1.2, ikipimwa pampu ikiwa imezimwa na maji yamemwagwa. Tanki la lita 24 hapo hutoa kama lita 8 kabla pampu haijawaka tena. Bonyeza ule msumari wa valvu, kama wa tairi la gari: yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, na pampu itawaka na kuzima kila mfereji unapoguswa.

Video nyingi za mtandaoni kuhusu kishindo zinahusu joto la mvuke la nyumba kuukuu za New York. Huko maji yaliyopoa hutuama kwenye bomba lililolegea, mvuke ukayarusha hadi kwenye kona; tiba ni kuinamisha bomba yarudi kwenye boila, na valvu ya redieta ya bomba moja iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Usiitafutie kifaa hiki kazi hiyo.

Kile kipande cha bomba kilichozibwa juu, ambacho mafundi hukisimamisha ukutani bure, hufanya kazi ya kizuia kishindo kwa miezi michache. Kisha hewa inayeyuka majini na kinabaki kimejaa maji, mpaka mabomba yote yamwagwe.

Dukani, kabla ya kulipa, ingiza kalamu mdomoni mwa kifaa uisukume pistoni. Inapaswa kugoma na kurudi kwa nguvu. Ikiteleza ndani bila ubishi, hewa imeshavuja, kirudishe kauntani.